Mbuni Mwenye Mkia

Mwaka 1914, kando ya mto Red Deer katika jimbo la Alberta, Kanada, kikosi cha mtafuta visukuku Barnum Brown kilifukua mifupa ya dinosaria iliyokamilika karibu yote, shingo imepinda kuelekea mgongoni. Mwaka 1917, Henry Fairfield Osborn wa makumbusho ya historia ya asili ya New York alimwita Struthiomimus, mwigaji wa mbuni.

Kwa sura, jina linamstahili. Kichwa kidogo, macho makubwa, domo lisilo na jino hata moja, shingo na miguu mirefu. Aliishi miaka milioni 75 hivi iliyopita, akapata urefu wa zaidi ya mita 4 na uzito wa kilo 150 hivi. Lakini mbuni ana vidole viwili mguuni, yeye alikuwa na vitatu. Penye mabawa ya mbuni, yeye alikuwa na mikono mirefu yenye kucha ndefu, pengine za kuvutia matawi. Na nyuma alikuwa na mkia.

Mkia huo ndio uliomkimbiza. Mbuni akitimua mbio, paja lake hutembea kidogo tu. Kazi kubwa iko gotini na chini yake. Struthiomimus alikimbia kwa nyonga. Msuli mnene ulianzia mkiani na kushika mfupa wa paja kwa nyuma. Ulipojikaza, mguu wote ulivutwa nyuma na mwili ukasukumwa mbele. Wataalamu wengi humkadiria mwendo usio mbali na wa mbuni, ambaye hufikia kilomita 70 kwa saa.

Tazama na wayo wake. Kati ya mifupa mitatu mirefu, ule wa katikati umebanwa na wenzake hadi juu umebaki mwembamba, hivyo wayo ukahimili kishindo cha kukanyaga. Gorgosaurus, mla nyama wa nchi hiyohiyo, alikuwa na wayo wa namna hiyo pia. Mwindaji na mwindwa walivaa kiatu kimoja.

Chakula na maisha yake tunayasoma zaidi kwa jamaa zake. Sinornithomimus wa China alikutwa na vijiwe tumboni, vya kusaga majani kama ilivyo kwenye firigisi ya kuku. Zaidi ya 20 wa aina hiyo, wengi wao wachanga, walinasa topeni pamoja; yaelekea walitembea kwa makundi. Ornithomimus wa Alberta naye aliacha alama za manyoya, huku miguu yake ikiwa mitupu kuanzia pajani kwenda chini, kama ya mbuni anayepunguza joto.

Kufanana kwa umbo kumewahi kuwapoteza wataalamu. Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani waliochimba kati ya 1909 na 1913 walipata Elaphrosaurus, mwembamba na mwenye shingo ndefu. Werner Janensch alimtangaza mwaka 1920, na kwa miaka mingi wapo waliomhesabu katika ukoo wa dinosaria mbuni. Mifupa ilipokaguliwa upya, akaonekana ni wa ukoo mwingine kabisa, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, muda mrefu kabla ya Struthiomimus. Mbio huwapa wakimbiaji umbo moja hata wasipokuwa ndugu. Nasaba yao huamuliwa kwa kukagua mfupa mmoja mmoja.