Nyumba yenye deni: Mnunuzi apekue kwanza, alipe baadaye

Katika soko la nyumba za kupangisha jijini Dar es Salaam, bei nafuu huwa na sababu yake. Nyumba ambayo dalali anaitangaza kwa shilingi milioni 120, wakati za jirani zinauzwa milioni 150, inaweza kuwa bahati ya mnunuzi. Inaweza pia kuwa imefungwa na deni ambalo muuzaji hakulitaja.

Deni la namna hiyo halimfuati aliyekopa peke yake. Rehani iliyoandikishwa hubaki juu ya mali yenyewe, na mkopaji akishindwa kulipa, benki ina haki ya kuiuza baada ya kutoa notisi ya siku 60. Mnunuzi aliyekwisha kutoa fedha zake hubaki akimfukuza muuzaji mahakamani.

Kinga ya kwanza ni upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, muda wa hati, rehani zilizoandikishwa na zuio lolote, ambalo mawakili huliita kaveati. Barua ya serikali ya mtaa, hata ikiwa na mhuri, haichukui nafasi ya upekuzi huo.

Hata hivyo, daftari la Msajili halionyeshi kila kitu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua pia dhamana isiyo rasmi, ambapo mwenye nyumba humkabidhi mkopeshaji hati ili aishike mpaka alipwe. Kwa hiyo muuzaji anayeonyesha kivuli cha hati na kudai kuwa hati halisi iko kwa ndugu yake anapaswa kuulizwa maswali zaidi.

Jambo jingine ni ndoa. Nyumba ambayo familia inaishi haiuzwi wala kuwekwa rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi. Saini ya mke au mume ni rahisi kuipata kabla ya malipo kuliko baada ya kesi kufunguliwa.

Nyumba yenye rehani si lazima iachwe. Chukulia kwamba katika ile ya milioni 120, muuzaji anadaiwa na benki milioni 45. Mnunuzi makini huomba barua ya benki inayotaja salio la deni hadi siku ya malipo, kisha hulipa milioni 45 moja kwa moja benki, si mkononi mwa muuzaji. Benki ikishapokea fedha hutoa hati ya kufuta rehani. Milioni 75 zinazobaki hushikwa na wakili, na muuzaji hukabidhiwa baada ya uhamisho kuandikishwa.

Mpango huo wote lazima uwe katika maandishi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, mkataba wa kuuza haki ya kumiliki ardhi hauwezi kutekelezwa mahakamani kama haukuandikwa na kusainiwa na yule anayedaiwa. Mkataba mzuri hutaja namba ya kiwanja na ya hati, tamko la muuzaji kwamba hakuna deni jingine, tarehe ya kukabidhi nyumba, na masharti ya kurudishwa arubuni iwapo upekuzi utafichua kasoro. Pale penye wapangaji, utaje pia kodi waliyokwisha kulipa mbele, maana fedha hizo ziko kwa muuzaji lakini chumba atakidai mnunuzi.

Gharama nazo zihesabiwe mapema. Ushuru wa stempu wa asilimia moja kwa nyumba hiyo ni shilingi milioni 1.2. Muuzaji naye hutakiwa kulipa kodi ya faida ya mauzo kabla hati haijahamishwa, na pango la ardhi linalodaiwa lazima limalizwe. Mkataba usiposema nani analipa nini, uhamisho hukwama.

Dalali atahimiza haraka kwa kusema wateja wengine wako njiani. Wapo au hawapo, arubuni isitoke kabla jibu la Msajili halijafika mezani.