Kuzaa ndani ya maji: ni beseni au ni mkunga?



Juma lililopita, baada ya kuhesabu akiba ya kikundi chetu, dada mmoja alitoa simu yake akatuonyesha video. Mama ameketi ndani ya beseni kubwa la maji. Mkunga amepiga magoti pembeni, anazungumza naye polepole. Kisha mtoto anatokea majini na kuwekwa kifuani pa mama yake.

Simu ilizunguka toka mkono hadi mkono. Wengine walicheka. Mmoja alisema hayo ni mambo ya watu wenye pesa. Lakini dada yetu mdogo mwenye mimba ya miezi saba hakucheka. Aliuliza kama anaweza kufanya hivyo nyumbani, katika beseni la kuogea, ili asirudi kule alikozalia mara ya kwanza.

Swali lake ndilo limenifanya niandike.

Nilimwelewa vizuri. Uzazi wangu wa kwanza, nililazwa chali juu ya meza toka jioni mpaka alfajiri. Nilikatazwa kusimama, nilikatazwa kulia. Mama yangu aliachwa nje ya mlango na kikwembe chake mkononi. Sikulaumu mtu, maana wauguzi walikuwa wawili na wamama tulikuwa wengi. Lakini nilipobeba mimba ya pili, kitu cha kwanza nilichokumbuka kilikuwa ile meza. Mama mwenye woga wa namna hiyo anaweza kukaa nyumbani mpaka amechelewa, na kuchelewa kunaua.

Basi tuzungumze juu ya maji: yanasaidia nini, yana hatari gani, na sisi huku tunaweza kuchukua nini.

Wazo lilitokea wapi

Mwanzoni mwa karne ya 19, waganga wa Ufaransa waliandika habari za mama aliyekuwa na uchungu kwa siku mbili bila kuzaa. Alikuwa amechoka kabisa. Aliingizwa katika maji ya moto kidogo ili apumzike, na mtoto akazaliwa humo humo.

Lakini wazo hili lilienea zaidi kutoka Pithiviers, mji mdogo ulio kusini mwa Paris. Mganga Michel Odent alisimamia materniti ya hospitali ya huko toka mwaka 1962 mpaka 1985. Yeye alisomea upasuaji, kwa hiyo mambo mengi ya uzazi alijifunza kwa kuketi na wakunga na kuwaangalia wamama wenyewe. Aliona kwamba wengi wao, uchungu ukizidi, wanavutwa na maji. Akaleta beseni la kupulizwa hewa, kama lile watoto wa Ulaya wanachezea uani, akalijaza maji ya vuguvugu.

Nia yake ilikuwa kupunguza maumivu tu. Wamama wengi walitoka majini kabla ya mtoto kufika. Wengine mtoto aliwawahi, wengine walikataa kutoka. Mwaka 1983, baada ya watoto 100 kuzaliwa majini, Odent aliandika habari hizo katika The Lancet, jarida la waganga la Uingereza. Na mwaka 1992 kamati ya afya ya bunge la Uingereza ilipendekeza kwamba materniti ziwape wamama nafasi ya kutumia beseni la kuzalia pale inapowezekana. Leo katika nchi ile ni jambo la kawaida, na anayelisimamia ni mkunga.

Maji yanafanya nini

Kila mama aliyebeba bidoni la lita 20 toka kisimani anajua uzito ni nini. Majini uzito wa tumbo unapungua. Mama anaweza kugeuka, kupiga magoti, kuchuchumaa, kuegemea ukingo, bila mtu kumwinua. Joto linalegeza misuli ya mgongo na kiuno. Mwili ukilegea, woga nao unapungua. Na woga ni adui wa uchungu: mama akiogopa, mwili unatoa adrenalini, ambayo inaweza kuzuia oksitosini, ile homoni inayokaza kizazi ili mtoto ashuke.

Mwaka 2018 wataalamu walikusanya majaribio 15 yaliyohusu wanawake zaidi ya 3,600. Waliona kwamba wamama waliokaa majini wakati njia inafunguka waliomba kidogo zaidi kupungua sindano ya mgongoni ya kuondoa maumivu. Hawakuona dalili kwamba watoto waliumia zaidi. Lakini idadi ya waliopasuliwa haikubadilika sana. Kwa hiyo tusidanganyane: maji yanapunguza maumivu, hayaondoi kila shida ya uzazi.

Waganga wenyewe hawajakubaliana kwa yote. Chama cha waganga wa uzazi wa Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba mama mwenye afya anaweza kukaa majini wakati njia inafunguka, lakini mtoto mwenyewe afadhali azaliwe nje ya maji. Uingereza wanamwachia mama mwenye afya achague, akiisha kuelezwa mazuri na mabaya.

Je, mtoto hatazama?

Hilo ndilo swali la kila bibi. Tumboni mtoto anaishi ndani ya maji, na hewa yake inapitia katika kitovu. Akitoka katika maji yenye joto kama la mwili wa mama, kwa kawaida havuti pumzi mpaka uso wake uguse hewa. Ndiyo maana mkunga anamtoa juu mara moja, uso kwanza, na hamrudishi tena chini ya maji. Anamwinua polepole, maana kitovu kikivutwa kwa nguvu kinaweza kukatika na mtoto akapoteza damu. Kisha anampangusa na kumfunika juu ya kifua cha mama asipate baridi.

Mtoto aliyechoka tumboni, au aliyekosa hewa ya kutosha, anaweza kuvuta pumzi kabla ya wakati. Kwa hiyo mkunga anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto mara kwa mara. Yakibadilika, mama anatoka majini saa ile ile.

Kazi ya mkunga

Kwenye video tunaona mama na maji. Kazi ya mkunga haionekani sana. Yeye ndiye anayepima joto la maji kila saa, lisipite digrii 37.5, kwa sababu joto likizidi mama anapata homa na moyo wa mtoto unakimbia. Anahakikisha beseni limesafishwa kwa dawa na maji ni safi. Anampa mama maji ya kunywa. Anapima presha. Anaangalia kama damu inatoka, na hilo ni gumu zaidi ndani ya maji. Anajua namna ya kumtoa mama aliyezimia. Na karibu kuna mganga, chumba cha kupasulia na damu ya kuongeza.

Tena hakubali kila mama aingie. Anayebeba mapacha, mwenye mtoto aliyetanguliza matako, mwenye presha ya juu au degedege la mimba, anayetokwa na damu, mwenye homa, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au ambaye mimba haijafikisha juma la 37, huyo anazalia nje ya maji ili asaidiwe haraka. Aliyewahi kupasuliwa anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi hospitalini.

Basi, beseni la nyumbani?

Dada yangu mpenzi, jibu ni hapana. Beseni la nyumbani, pipa, au ukingo wa ziwa si mahali pa kuzalia. Maji yetu tunayajua. Mara ngapi kipindupindu kimetuingia kwa njia ya maji ya ziwa na mito? Maji machafu yanaweza kumletea mtoto ugonjwa katika macho, mapafu na kitovu, na mama katika kizazi. Na damu ikianza kumwagika usiku, nani atapima imetoka kiasi gani ndani ya maji mekundu? Mama anaweza kutokwa na uhai baada ya kuzaa kwa muda mfupi kuliko ule unaotuchukua kutafuta pikipiki.

Lakini jibu halikomei hapo, maana dada huyu hakuwa anatafuta beseni. Alitafuta mahali ambapo hatalazwa chali kama mgonjwa, na mtu atakayekaa naye. Hayo hayahitaji beseni la Ulaya.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo 56 juu ya kumsaidia mama anayezaa. Linapendekeza mama mwenye afya aruhusiwe kutembea na kukaa wima, anywe na ale akitaka, awe na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua mwenyewe, na aheshimiwe. Kwa maumivu, linataja kukandwa mgongo na kuwekewa vitambaa vya moto. Tena linapendekeza kitambaa cha moto kiwekwe mlangoni mwa uzazi wakati wa kusukuma, ili mama asichanike sana.

Kwa uzazi wangu wa tatu nilimpata mkunga aliyejua hayo. Materniti haikuwa na bomba. Alimwomba dada yangu achemshe maji kwenye makaa, wakayachanganya ndani ya ndoo mpaka yakawa vuguvugu. Niliketi juu ya kiti kidogo, nikaegemea kitanda, na dada yangu akanimwagia kiunoni kwa kikombe, pole pole, kila uchungu ulipokuja. Mkunga alikuwa akija kusikiliza moyo wa mtoto, anatoka, anarudi. Maumivu hayakuisha. Lakini sikuwa peke yangu, na sikuogopa. Mtoto alizaliwa juu ya kitanda, nikiwa nimepiga magoti.

Tufanye nini katika vikundi vyetu

Kwanza, kila mwenye mimba aende CPN mapema na asikose. Huko ndiko atajua kama presha, damu na mkao wa mtoto vinamruhusu kuzaa kwa kawaida.

Pili, tumwulize mkunga kabla ya siku kufika: naweza kutembea? Naweza kuja na dada yangu? Naweza kuoga au kukandwa kwa maji ya moto? Kuuliza mapema kwa heshima ni bora kuliko kugombana wakati wa uchungu.

Tatu, katika mfuko wa uzazi, pamoja na vikwembe, sabuni na nguo za mtoto, tuongeze termosi ya maji ya moto na vitambaa viwili safi. Mwenzake auguse kwanza kwa mkono wake, asimwunguze.

Nne, kikundi kiweke pesa kidogo ya usafiri wa usiku. Maji yakipasuka na yana rangi ya kijani au kahawia, damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, homa ikija, au mtoto akiacha kucheza, tusingoje kuche.

Tano, tukiwa wengi tuzungumze na kamati ya afya ya mtaa wetu. Pazia, mkeka, ndoo yenye mfuniko na ruhusa ya mtu mmoja kuingia si vitu vya bei kubwa. Na wakunga wetu, wengi wao wanaofanya kazi usiku kucha na malipo kidogo, watafurahi kusikia kwamba tuko upande wao.

Dada yetu mdogo amekubali kurudi CPN. Nimeahidi kumsindikiza Alhamisi ijayo, na ndoo nitaibeba mimi.

*Maswali ya kuzungumza katika kikundi:* Ulipozaa, ni nani alikaa karibu nawe? Ni kitu gani kilikutia woga, na kikundi kingeweza kukusaidia namna gani? Ni nani kati yetu anakaribia siku zake, na nani atamsindikiza?