Ndugu Wanne na Miezi 26

Paukwa! Pakawa!

Leo sina sungura wala fisi, wajukuu zangu. Nina ndugu wanne wa mama mmoja, wazaliwa wa hapa Masafu, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Ndugu hao nimewatunga mimi. Sheria zilizowakuta sikuzitunga, kwa hiyo tegeni masikio.

Kifungua mimba ni mwanamke, muuguzi wa hospitali ya serikali hapa hapa Masafu. Wa pili ni fundi wa mitambo huko Tororo. Wa tatu ni mpishi wa hoteli aliyetafuta riziki kandokando ya ziwa, kwanza Kisumu, kisha Mwanza. Kitinda mimba anaendesha boda boda mpakani, kazi ambayo asili yake ni hapa kwetu, tangu enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka Busia hii kwenda Busia ile.

Krismasi walirudi nyumbani kwa mama. Kuku alipokwisha, mpishi alitoa karatasi mfukoni akaiweka mezani.

“Dada,” akasema, “nimechangia miezi 154. Nikauliza pensheni, nikaambiwa bado 26.”

Dada mtu akashangaa. Yeye katika maisha yake yote hajachangia hata shilingi moja, na pensheni yake haina wasiwasi!

Hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga, maana wote wawili wanasema kweli.

Mtumishi wa serikali ya Uganda kama dada yao hakatwi mchango wa pensheni. Hazina ya serikali ndiyo inayolipa, na kinachohesabiwa ni miezi ya utumishi. Lazima atimize angalau miaka 10. Kisha wanachukua miezi aliyotumika, wanaigawa kwa 500, na jibu wanalizidisha kwa mshahara wake wa mwisho wa mwaka. Akitumika miaka 30, hiyo ni miezi 360, pensheni yake kamili ni asilimia 72 ya mshahara huo. Sehemu anaweza kuichukua kwa mkupuo, yaani kiinua mgongo, na iliyobaki inaingia kila mwezi.

Mpishi alikuwa chini ya sheria nyingine kabisa. Nchini Tanzania, mwajiri na mwajiriwa wa sekta binafsi wanachangia kwa pamoja asilimia 20 ya mshahara katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Ili upate pensheni ya uzeeni ya kila mwezi, unatakiwa uwe na michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15, na umri wa kustaafu: 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Kikokotoo chao, ambacho Watanzania wamekibishania kuanzia bungeni hadi vijiweni, kinagawa miezi kwa 580 na kuzidisha kwa wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyokuwa mizuri zaidi kati ya kumi ya mwisho. Mwenye miezi 180 anapata kama asilimia 31 ya wastani huo. Mwenye miezi 360 anapata 62. Tangu Julai 2022, theluthi moja hivi inatolewa kwa mkupuo, na iliyobaki inalipwa mwezi kwa mwezi mpaka mwisho wa uhai.

“Sasa kwa nini 180?” kitinda mimba akadakia. “Si wampe tu kulingana na hiyo 154?”

Swali zuri. Fikirieni chama cha mazishi cha kijijini kwetu. Mtu akijiunga leo, akalipa mara mbili, kesho akadai jeneza, turubai na ng'ombe, wenzake waliolipa miaka ishirini watamtazamaje? Pensheni ya kila mwezi hulipwa hata ukiishi miaka 95, kwa hiyo mfuko unataka kwanza ukae muda mrefu upande wa wanaotoa. Jambo hili si la Afrika peke yake. Ujerumani ya Bismarck ilipotunga sheria ya bima ya uzee mwaka 1889, mfanyakazi alibandika stempu za michango kwenye kadi yake, wiki baada ya wiki, na ili apate pensheni ya uzee ilibidi awe na miaka 30 ya michango na umri wa miaka 70. Wengi walifariki kadi ikiwa mkononi. Mimi naona 180 ni nafuu kuliko hiyo, ingawa kwa mpishi anayehama hoteli kila msimu bado ni mlima.

Na huyu wetu alikuwa na uchungu wa ziada. Kabla ya Mwanza alifanya kazi Kisumu kuanzia 2005 hadi 2011, miezi 84. Jumlisheni: 84 na 154 ni 238. Amevuka 180 kwa mbali! Lakini nani wa kujumlisha? Miezi ya Kisumu iko katika mfuko wa Kenya, ya Mwanza iko katika mfuko wa Tanzania, na hakuna anayemhesabia mwenzake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inataja hifadhi ya jamii ya mfanyakazi anayevuka mpaka. Kuitaja ni rahisi. Ulaya wameenda mbali zaidi: mtu akichangia miaka 10 Hispania na 20 Ujerumani, Hispania, ambayo inataka angalau miaka 15, inahesabu yote 30 ili kumfungulia mlango, kisha inalipa sehemu yake tu. Sisi tunavuka hapa Busia kwa kituo kimoja cha forodha, mabegi yanakaguliwa mara moja, ila michango inabaki kila mmoja kwake.

Pesa ya Kisumu, kwa kweli, haikuwa nyingi. Enzi hizo Kenya ilikuwa ikikata shilingi 200 kwa mfanyakazi na mwajiri akaongeza 200, hata kama mshahara ni mnono. Kwa miezi 84 inakuwa 33,600, na riba juu yake. Ni tangu Februari 2023, mahakama ya rufaa ilipoiruhusu sheria ya mfuko huo ya 2013, ndipo kila upande ukaanza kutoa asilimia 6.

Fundi wa Tororo alikuwa akicheka chini chini. “Mimi sihesabiwi miezi,” akasema. “Nahesabiwa pesa.”

Naye alisema kweli. NSSF ya Uganda ni akiba: mfanyakazi anatoa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri asilimia 10, riba inaongezwa kila mwaka (ilikuwa asilimia 10 mwaka wa fedha 2022/23, na 11.5 uliofuata). Ukifika miaka 55 unachukua chako chote. Hakuna pensheni ya mwezi, na pesa ikiisha, imeisha. Sheria ya 2022 ilimruhusu mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 kuchukua mapema hadi asilimia 20, na fundi aliezekea mabati kwa hiyo.

Hapa msikilize vizuri, maana na nyinyi mtaajiriwa. Mshahara ukiwa shilingi 600,000, wewe unakatwa 30,000 na mwajiri anatoa 60,000 mfukoni mwake. Akikukata 90,000 zote, anakuibia. Na mchango wa mwezi unapaswa kufika NSSF si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Fundi alipokagua taarifa yake aligundua miaka ya gereji, kazi yake ya kwanza, haimo. Gereji ile ilikuwa na watu wanne, na kabla ya 2022 sheria ilimbana tu mwajiri wa watu watano na zaidi. Siku hizi hata mwenye mfanyakazi mmoja anabanwa.

Mama yao, mwenye miaka 78, akaingilia. “Na mimi je?” Dada yake wa Funyula, ng'ambo ya mpaka, ana miaka 72 na Kenya inampa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, ambayo wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa wanastahili. Uganda inatoa 25,000 zake, ambazo hazifiki hata 1,000 za Kenya, na mpaka ufike 80. Pesa hizo hazitaki mchango wowote, bali umri na kitambulisho. Kwa hiyo wasichana wawili waliochota maji kisima kimoja wametenganishwa na mstari wa mpaka.

Mpishi alirudi Mwanza Januari, akatafuta hoteli inayopeleka michango. Ana miaka 52, na miezi 26 ataimaliza kabla ya 55. Kitinda mimba, ambaye hana mwajiri wa kumwongezea chochote, alifungua akaunti ya hiari ya NSSF ya Uganda, iitwayo SmartLife Flexi. Anaweka akipata. Wiki ya mvua hapati.