Pindo, Mji na Jina Barabarani: Usanifu wa Michoro na Maandishi ya Tuktuk Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuitafuta methali vitabuni na kuitafuta misemo kwenye kanga. Hata hivyo, katika miji ya Malindi na Kilifi, methali hupita mbele ya macho kila dakika ikiwa imebebwa na magurudumu matatu. Makala haya yananuia kueleza jinsi pambo la tuktuk linavyosanifiwa, na kuonyesha kwamba umbo la matini yake hutokana kwa kiasi kikubwa na vipimo vya bodi inayoandikwa.

Chombo kama kielelezo

Kupamba chombo si jambo geni katika upwa huu. Madau na majahazi ya Lamu yamejulikana kwa macho yanayowekwa kwenye omo, pande zote mbili, kana kwamba chombo chenyewe kinaitazama njia. Hapo pana kanuni ya kwanza ya usanifu: chombo kina uso, na uso huo haupambwi sawa na mgongo.

Kanuni hiyo inajulikana hata ng'ambo. Makasha ya mbao ya michezo ya video yaliyoenea Marekani na Japani miaka ya 1970 na 1980 yaligawanywa vivyo hivyo: jina la mchezo lilikaa juu likiwa na taa nyuma yake, picha kubwa ikakaa ubavuni, na maelekezo yakawekwa karibu na mikono ya mchezaji. Kwenye kasha la Space Invaders la mwaka 1978, majitu ya kutisha yalichorwa ubavuni, ilhali kwenye kioo mlikuwa na vijiumbo vidogo tu. Pambo lilisimulia kile ambacho mtambo haukuweza kukionyesha.

Tuktuk nayo ni kasha la aina hiyo. Wasomaji wake ni wanne: anayesimama kando ya barabara akiitazama ikija, anayeiona ubavu ikipita, anayeifuata nyuma, na abiria aliyeketi ndani. Msanifu stadi humwandikia kila mmoja wao matini yake. Maneno ya mbele hualika. Ubavuni huwa na picha, kwa kuwa kinachopita kasi hakisomeki bali huonekana. Nyuma huwekwa usemi, na ndani huwekwa maonyo na masharti ya nauli.

Mfano wa kanga

Mwanafunzi anayetaka istilahi za kuuchambua mpangilio huu hana haja ya kwenda mbali. Kanga ina pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani usemi. Tuktuk iliyopambwa vizuri hufuata utaratibu huohuo: mistari ya rangi kwenye kingo ni pindo, picha ni mji, na usemi wa nyuma ni jina. Pindo likikosekana, picha huonekana kama imebandikwa tu. Jina likikosekana, chombo huwa bubu.

Tofauti iko kwa mlengwa. Usemi kama "Wenye wivu wajinyonge" ukiwa kwenye kanga unaweza kuwa kijembe kwa mtu mmoja, na mvaaji na mlengwa wote wawili wakaelewana bila ya kutajana. Ukiwa mgongoni mwa tuktuk, mlengwa ni yeyote anayefuata nyuma, akiwemo dereva mwenzake wa kituo kimoja. Kijembe kinapanuka na kuwa tangazo. Kadhalika, "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ikiandikwa mbele katika mji wa kitalii kama Malindi hurejea kwenye maana yake ya msingi, maadamu riziki ya mwenyeji hutegemea hasa kuja kwa mgeni.

Vipimo na umbo la usemi

Mafundi wa mabango wana kanuni ya jumla kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke kwa raha. Anayefuata kwa umbali wa mita 12 anahitaji basi herufi za sentimita 10. Upana wa tuktuk ni kama mita 1.3. Ukitoa kingo, mstari mmoja hubeba herufi 15 au 16 pamoja na mianya yake.

Chukua methali "Mtaji wa maskini nguvu zake mwenyewe". Ina herufi 31 kabla ya kuhesabu mianya, nayo haiingii katika mstari mmoja. Fundi ana njia mbili: kupunguza herufi hadi zisisomeke, au kuandika "Mtaji wa maskini" na kumwachia msomaji amalizie. Njia ya pili ndiyo ya kisanaa. Huo ni udondoshi unaozaliwa na ufinyu wa bodi, nao humgeuza msomaji kuwa mshiriki: anayeijua methali huikamilisha moyoni, na asiyeijua huachwa akijiuliza. Inavyoonekana, fani hapa haikuchaguliwa kwa hiari tu, bali imelazimishwa na bati.

Utengenezaji

Kazi ya brashi huanza kwa kupiga msasa, kisha rangi ya msingi, kisha mistari ya chaki, na mwisho rangi yenyewe na vanishi. Jua la Pwani na hewa ya chumvi ni maadui wa kudumu: rangi nyekundu aghalabu hupauka mapema, na kutu huanzia pale rangi ilipochubuka. Njia ya pili ni stika. Usemi husanifiwa kwenye kompyuta, mashine hukata herufi, nazo hubandikwa kwa muda mfupi. Stika ni nadhifu na rahisi kubadilisha. Walakini, iliyonunuliwa tayari dukani huleta sura na maneno yaleyale kwa kila chombo, na hapo sauti ya mwenye chombo hupotea.

Hatari ya kupotea

Matini haya hayana hifadhi. Chombo kikiuzwa hupakwa rangi upya, na usemi hufa siku hiyo. Sheria nayo ina nguvu zake: kanuni za uchukuzi za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilizitaka matatu kuwa na mkanda wa manjano, na michoro mingi ikafutwa. Ilipofika Novemba 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipoiunga mkono hadharani sanaa hiyo ya vijana. Yaliyoandikwa na kufutwa katika miaka hiyo kumi, nani aliyeyanakili?

Hitimisho

Imebainika kwamba pambo la tuktuk ni matini yenye uso, ubavu na mgongo, na kwamba maana yake hubadilika kulingana na mahali ilipoandikwa. Kwa hiyo, orodha ya misemo peke yake haitoshi. Mtafiti anapaswa kunakili pia nafasi ya usemi kwenye chombo, picha iliyoandamana nao, lugha yake, iwe Kiswahili, Kigiriama au Sheng, pamoja na tarehe. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, kamera na mwanafunzi aliyesimama kando ya barabara kabla fundi hajafika na msasa wake.