Firigisi ya Sultani

Jumamosi moja ya kiangazi tuliwachukua wanafunzi wetu wa darasa la sita kwenda kutazama mchezo katika ukumbi wa parokia, pembeni mwa mji wa Lubumbashi. Wachezaji walikuwa vijana wa mtaa: fundi wa baiskeli, muuza makaa, na wasichana wawili wanaojifunza ushonaji. Jukwaa lao lilikuwa mbao juu ya matofali, na taa mbili tu ziliwamulikia. Lakini watu walijaa hata madirishani, na katika mstari wa kwanza waliketi wakubwa wa mtaa.

Mchezo ulianza kwa chakula. Sultani ameketi kitini, mbele yake bukari na kuku mzima. Mkewe anampa firigisi, kama desturi inavyoagiza, kwa kuwa firigisi ni haki ya mkubwa. Sultani anaila. Kisha analitazama paja. «Hili nalo lafanana na firigisi,» asema. Nyampara wake apiga makofi: «Kweli, Baba, ni firigisi yenye mfupa!» Basi paja likaliwa, na mabawa, na shingo, yote kwa jina la firigisi. Watoto wakabaki kulamba chungu. Hapo ukumbi mzima ulicheka, na wakubwa wa mstari wa kwanza wakacheka pia.

Baadaye ikaja habari ya daraja. Wanakijiji walikuwa wametoa franka zao ili daraja lijengwe mtoni. Fedha zile ziliishia katika karamu za sultani, lakini kila alipouliza daraja li wapi, nyampara alijibu: «Limekwisha, Baba, na linang'aa!» Mara akaingia mjane mmoja, nguo zikimtiririka maji toka kifuani hata miguuni. Akapiga magoti, akasema: «Baba, nimekuja kushukuru kwa daraja.» Watu walicheka hata wakatoka machozi. Wakubwa hawakucheka sana tena.

Mwishowe mtoto wa sultani aliugua usiku, na zahanati iko ng'ambo. Sultani akambeba mgongoni, akatoka mbio akipaza sauti: «Tutapita darajani!» Maana alikuwa amesikia habari za daraja hilo mara nyingi hata akaziamini. Taa zikazimwa. Tulisikia maji tu. Hakuna aliyecheka.

Tulipotoka, mzazi mmoja alitushika mkono. «Bwana Mwalimu,» alisema, «mnawaleta watoto wetu hapa wajifunze kuwacheka wakubwa? Kesho watatucheka sisi nyumbani.» Neno lake halikuwa la kipumbavu. Mtoto asiyeheshimu mtu ni mzigo kwa jamaa yake.

Lakini mchezo wa namna hii si ugeni katika nchi ya Katanga. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa desturi za watu, Johannes Fabian, alikuwa hapa Lubumbashi. Katika mlo mmoja alipewa firigisi ya kuku, akasikia usemi kwa Kifaransa ambao maana yake ni hii: ukubwa huliwa mzima. Akawauliza maana yake wachezaji wa kundi la Mufwankolo, waliojulikana sana kwa michezo yao ya radio na televisheni katika Kiswahili cha mji. Wao walijadiliana, kisha wakatunga mchezo mzima juu ya usemi huo, pasipo kuandika maneno ya kukariri, wakaucheza katika kijiji cha Kawama, nje ya mji. Fabian aliandika kitabu juu ya mambo hayo, kikatoka mwaka 1990. Basi tangu zamani watu wa hapa wamepima ukubwa kwa mchezo.

Tulimweleza mzazi yule hayo yote, tukaongeza: wachezaji hawakuudharau ukubwa. Walitukumbusha tu kwamba kuku mmoja ana firigisi moja.

Njiani mwanafunzi mmoja alituuliza swali gumu zaidi: «Mwalimu, mwenye kosa ni nani, sultani ama nyampara?» Tulimjibu upesi kwamba ni sultani, kwa kuwa ndiye aliyekula.

Usiku ule hatukulala vema. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nyingine, tuliagizwa kuwasomea wazazi hesabu ya michango yao. Karatasi ilisema madawati 20 yamenunuliwa. Watoto walikuwa wakikalia matofali, nasi tulijua. Tulisoma karatasi ile kwa sauti nzuri, kila neno mahali pake, na wazazi wakapiga makofi. Hatukula hata franka moja. Tulikuwa nyampara.

Jumatatu asubuhi tuliwasimulia wanafunzi habari ya madawati. Walinyamaza. Kisha yule wa swali akainua mkono: «Na wazazi wale, Mwalimu, waliambiwa lini?»

Hawajaambiwa bado. Juma lijalo tutapanda gari kwenda huko.

Enyi wazazi, mchezo ukichezwa mtaani penu, nendeni pamoja na watoto wenu. Chekeni. Kisha, mkirudi nyumbani, mwulizane kila mtu alikuwa nani katika mchezo ule.