Nambari ya mita inajilinda, ya simu haijilindi

Saa tatu usiku, tokeni zimeisha, umeinama mbele ya mita na tochi ya simu ukisoma tarakimu 11. Ukikosea moja tu, mfumo wetu unaikataa nambari hiyo kabla hata hujaweka PIN. Wateja hutuuliza: mmejuaje, na mita yangu hamjawahi kuiona?

Siri iko kwenye tarakimu ya mwisho. Hukokotolewa kutoka kwa zile kumi za mbele, kwa hesabu ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1960. Kadi za benki pia huitumia. Hunasa tarakimu yoyote moja iliyokosewa, na karibu kila jozi iliyobadilishana nafasi. 09 ikiandikwa 90, hapo inaponyoka.

Nambari ya simu haina kinga hiyo. 0722 na 0772 zote ni halali, kwa hivyo mashine haiwezi kujua kama ulimaanisha mama mboga wa Umoja ama mtu usiyemjua kule Busia. Ndiyo maana tunakuonyesha jina kwanza. Lisome. Na umuulize mapema laini imesajiliwa kwa jina gani, maana "Mama Shiro" haiko kwa kitambulisho chake.

Kabla toleo jipya lifike kwa simu yako, timu yetu huingiza uchafu makusudi: herufi mahali pa nambari, shilingi sufuri, nafasi tupu. Nambari iliyonakiliwa WhatsApp ikiwa na +254 lazima ipite, hiyo si makosa ya mteja. Laini za 01 zilipokuja mwaka 2019, fomu iliyojua 07 peke yake ilimfungia nje mteja halali. Kukataa ovyo nako ni kosa.

Tunajaribu pia faili za mipangilio, zile zinazoiambia mitambo ifuate viwango gani. Mwaka 2023 kiwango cha muamala mmoja kilipanda kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000. Sufuri moja ikidondoka hapo, mtu wa Buruburu anayelipa kodi ya 30,000 anazuiwa bure. Kwa hivyo 250,000 lazima ipite na 250,001 ikataliwe, la sivyo faili haitoki kwetu.

Lakini kuna kosa ambalo hesabu haitalinasa. Kwenye ploti za Pipeline mita hupangwa ukutani kama masanduku ya posta. Ukisoma ya jirani, nambari ni halali kabisa, pesa inaenda na tokeni ya tarakimu 20 inakuja. Ukiiingiza kwa mita yako inakataa, kwa sababu ilitengenezewa ile nyingine. Sasa ni kubisha mlango wa jirani na kuomba awe na roho safi. Heri uthibitishe nambari yako na keateka mchana, kisha uihifadhi kwenye app.