Mazoezi ya majini yana faida, lakini Eldas hayahitaji kidimbwi

MKAZI wa Eldas, Kaunti ya Wajir, akiambiwa kwamba kuna wanariadha wanaofanyia mazoezi yao ndani ya maji, huenda akacheka. Kwake yeye maji ni ya kunywa, ya kupikia na ya kunyweshea ngamia na mbuzi. Hata hivyo, swali la iwapo mazoezi hayo huufaa mwili si la mzaha, na jibu lake lina funzo hata kwa wanaoishi mbali na mto.

Siri yake iko katika mambo mawili. Kwanza, maji humwinua mtu. Anayesimama katika maji ya kiunoni hubeba kwa miguu yake takriban nusu tu ya uzito wake. Yakimfika kifuani hubaki na thuluthi hivi, na yakimfika shingoni, sehemu moja kwa kumi. Pili, maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800, hivyo kila hatua hupata upinzani. Kadiri mtu anavyoongeza kasi, ndivyo maji yanavyozidi kumkaza.

Kwa sababu hiyo, moyo na mapafu hufanya kazi ya kweli ilhali magoti, vifundo na mgongo hupumzishwa. Wanaonufaika zaidi ni wazee wenye maumivu ya magoti na nyonga, watu wanene, na wanariadha waliojeruhiwa. Tafiti zilizofanyiwa wakimbiaji zimeonyesha kwamba anayekimbia katika kina kirefu, miguu isiguse chini, aweza kuhifadhi pumzi zake kwa wiki nne hadi sita bila kukanyaga barabara. Si ajabu basi kwamba kituo cha mazoezi cha Iten kilichoanzishwa na Lornah Kiplagat, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2007 na 2008, kina kidimbwi cha kuogelea.

Lakini maji hayatoshi peke yake. Mifupa huimarika inapobeba uzito na kupokea kishindo cha hatua, mambo ambayo maji huyapunguza. Mkimbiaji anayetaka kushindana hana budi kurejea nchi kavu, pole pole. Aidha, moyo hupiga taratibu zaidi mtu akiwa majini, hivyo anayepima juhudi zake kwa mapigo ya moyo aweza kudanganyika.

Ni muhimu pia kutofautisha mazoezi ya kichwa nje na yale ya kupiga mbizi huku mtu amebana pumzi. Haya ya pili ni hatari. Anayehema haraka haraka kabla ya kuzama hupunguza hewa ya kaboni mwilini, ambayo ndiyo humshurutisha kupumua. Oksijeni yaweza kumwishia kabla hajahisi haja ya kuibuka, akazirai na kufa maji kimya kimya, hata akiwa muogeleaji hodari.

Je, Eldas ijengewe kidimbwi? Kidimbwi cha urefu wa mita 25, upana wa mita 10 na kina cha mita moja na nusu humeza lita 375,000. Kwa kipimo cha lita 15 kwa mtu kwa siku, ambacho mashirika ya misaada hukitumia wakati wa dharura, maji hayo yangetosha watu 25,000 kwa siku nzima. Katika eneo lililoshuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua ikifeli kati ya 2020 na 2022, hesabu hiyo yajieleza.

Silanga nalo si mahali pa mazoezi. Chini yake mna matope yanayonasa miguu, kina chake hakionekani, na maji yenyewe hunywewa na watu na mifugo.

Habari njema ni kwamba badala yake ipo. Kutembea kwenye mchanga laini alfajiri, kabla jua halijawa kali, huutaka mwili nguvu zaidi na hupunguza kishindo magotini, mradi mtu achunge vifundo vyake. Mzee anayeumwa magoti aweza kuketi na kusimama kitini mara kadhaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lapendekeza dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayetembea dakika 30 kwa siku tano huzitimiza, bila kumwaga hata tone.